Hewa ya Kutosha

Wenzangu wengi wanapopewa nafasi ya kuandika insha huandika juu ya ushairi, juu ya riwaya, au juu ya nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi nataka kuandika juu ya bafu. Tena si bafu la kwetu Kampala. Ni bafu la trela la zamani huko Marekani, chumba chembamba ambamo mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili. Mjomba wangu nusura afie humo. Wakati huo alikuwa na tafsiri yangu ndani ya simu yake, na tafsiri hiyo haikuwa na kosa hata moja la sarufi.

Nianze na mjomba. Ni kaka yake mama, mzaliwa wa Bukavu. Aliishi Kampala miaka mingi kama mkimbizi, akipaka rangi magari kule Katwe. Mwaka 2016 alihamishiwa Marekani pamoja na watoto wake, akafikia jimbo la Kentucky, ambako Wakongo ni wengi. Kiingereza chake ni cha kusalimia na kununulia mkate. Anachosoma vizuri ni Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha shuleni. Kazi aliyoipata ni katika karakana ndogo inayofufua matrela ya kusafiria.

Matrela haya si yale ya kubebea mizigo tunayoyaona yakipita kwenda Malaba. Ni nyumba ndogo zenye magurudumu, zinazokokotwa na gari la familia, ndani mkiwa na kitanda, jiko, choo na bafu. Maarufu kuliko yote ni yale ya Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam mwanzoni mwa miaka ya 1930, yenye bodi ya aluminiamu iliyoviringana kama yai. (Byam huyohuyo aliongoza msafara wa matrela zaidi ya 40 kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960, kwa hiyo matrela haya si wageni kabisa katika bara letu.) Siku hizi Wamarekani wanayapenda yale ya miaka ya 1960 na 1970. Wanayanunua yakiwa yameoza, kisha wanatafuta mtu wa kuyarudisha ujana. Ndipo anapoingia mjomba.

Anasema sehemu ngumu kuliko zote ni bafu. Jiko unaweza kulibomoa ukatengeneza jingine kwa mbao. Bafu la trela la zamani lilifinyangwa ili liingie katika umbo la lile trela, na vipande vyake haviuzwi tena dukani. Kuta zake ni za plastiki iliyobonyezwa ikiwa moto. Baada ya miaka hamsini imekuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara, na ukiigonga kwa nguvu inapasuka. Chini kuna hodhi dogo la kuogea, la faibaglasi. Chini ya hodhi kuna plaiwudi, na mara nyingi plaiwudi hiyo imeoza kwa sababu maji yamekuwa yakivuja kimyakimya tangu kabla mimi sijazaliwa. Juu ya yote hayo kuna dhambi za wamiliki waliotangulia. Kila mmoja alipoona bafu limechakaa alichukua brashi na rangi ya nyumba akapaka juu ya uchafu. Katika trela ninalolisema mjomba alihesabu matabaka manne, na la juu lilikuwa likibanduka kama maganda ya kitunguu.

Rangi ile ilipaswa kutoka yote. Mwenye karakana alimpa mjomba kopo la dawa ya kutoa rangi, kopo la zamani lililokuwa limekaa stoo, akamwambia kazi iishe kabla ya Ijumaa. Mjomba akalipiga picha akanitumia.

"Mupwa, angalia hii kopo. Banaandika nini hapa?"

Nilikuwa hosteli, nikijiandaa kwa mtihani wa somo la tafsiri. Sifanyi mzaha. Niliivuta picha, nikasoma maandishi, nikafurahi kwamba nayajua maneno yote. Nikamwandikia: tumia mahali penye hewa ya kutosha, epuka kuvuta mvuke, vaa glavu zinazofaa. Ilinichukua dakika nne. Akanijibu kwa alama ya dole gumba, nami nikarudi kwenye nadharia ya ulinganifu, nikijiona nimefanya nadharia na vitendo kwa mkupuo mmoja.

Kilichotokea nilisimuliwa baadaye. Mjomba alifungua dirisha dogo la darini, lile ambalo matrela yote huwa nalo juu ya bafu. Akavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Akafunga kitambaa puani. Akamimina dawa ndani ya hodhi, akapiga magoti, akainama akaanza kukwangua. Anakumbuka harufu tamutamu. Anakumbuka kichwa kikiwa chepesi, na kwamba alifikiri ni njaa kwa kuwa hakuwa amekunywa chai. Mwenzake aliyekuja kuchukua futi ya kupimia ndiye aliyeona miguu yake imetokeza mlangoni, kichwa kikiwa ndani ya hodhi. Alimvuta nje. Mjomba akalala hospitali siku mbili.

Nilipompigia simu, nikilia, yeye ndiye aliyenituliza. Akasema, "Nilifungua dirisha ya juu, vile uliniambia."

Baada ya hapo ndipo nilipotafuta kujua mle koponi mlikuwa na nini. Kabla ya hapo sikuona kama ilikuwa kazi yangu. Dawa ile ina methilini kloridi, kimiminika kinachochemka katika joto la nyuzi 40 hivi, maana yake hata kikikaa tu juu ya hodhi siku ya joto kinageuka mvuke upesi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu. Haupandi. Unashuka na kutuama penye shimo, kama maji. Ukiingia mwilini unalevya, na sehemu yake hugeuzwa kuwa kaboni monoksidi, sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kitambaa cha puani hakiuzuii. Hata barakoa yenye vichujio wanayotumia wapaka rangi huzidiwa nao upesi. Glavu za mpira hupenya baada ya dakika chache.

Mwaka 2012 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa juu ya vifo 13 vya mafundi waliokuwa wakikarabati mahodhi ya kuogea kwa dawa za aina hii kati ya mwaka 2000 na 2011. Baadhi ya dawa walizotumia zilikuwa zimetengenezewa ndege. Jambo lililonishika koo ni hili: hakuna hata lebo moja kati ya hizo iliyotaja kazi ya hodhi. Mwaka 2019 serikali yao ilipiga marufuku dawa hizi kuuzwa kwa watu wa kawaida, na mwaka 2024 ikapanua marufuku hadi kwenye kazi nyingi za viwandani na karakana. Lakini kopo likishakaa stoo halisomi gazeti.

Sasa naomba wenzangu na waalimu wetu warudie kusoma tafsiri yangu. "Tumia mahali penye hewa ya kutosha." Ni sahihi. Mwalimu yeyote angeipa alama zote. Lakini hewa ya kutosha ni nini kwa mtu aliyepiga magoti ndani ya bafu la trela? Anapumua, kwa hiyo hewa ipo. Amefungua dirisha, kwa hiyo hewa inaingia. Kila neno nililomwandikia alilitii. Dirisha la darini halikuwa na faida yoyote kwa sababu mvuke ulikuwa chini, umejaa ndani ya hodhi hadi ukingoni, na kazi yenyewe inamtaka fundi aingize kichwa mlemle. "Epuka kuvuta mvuke", nikaandika, kana kwamba mtu anaweza kuchagua pumzi ya kuvuta na ya kuacha.

Kumbe nilichopaswa kuandika kinaandikika kwa Kiswahili chepesi kabisa. Mvuke wa dawa hii ni mzito, unatuama ndani ya hodhi. Ukiinama unauvuta. Utalewa kabla hujajua kama umelewa, na ukianguka humo hutaamka. Usiitumie bafuni. Hakuna hata neno moja humo linalohitaji baraza la istilahi. "Kutuama" ni neno la bibi zetu. Sikulitumia kwa sababu sikujua kwamba kuna kitu kinachotuama. Nilijua maneno ya lebo, sikujua hodhi.

Nilipokileta kisa hiki katika semina, nilipata majibu mawili ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. La kwanza lilitoka kwa mwanafunzi mwenzangu: tatizo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kemia, tusubiri kamusi. La pili lilitoka kwa mtu mzima ninayemheshimu: hayo ni mambo ya watu wa kemia na ya wenye karakana, msomi wa Kiswahili asijitwike mzigo usio wake.

Kwa mwenzangu nasema istilahi nilikuwa nazo. Ningeweza kuandika "methilini kloridi" kwa herufi kubwa na mjomba angeanguka vilevile, tena akiwa ameelimika zaidi. Kila mwaka tunalalamikia upungufu wa istilahi kwa sababu lalamiko hilo halitutoi kitini. Kutafuta jinsi bafu linavyofanyiwa kazi kungetutoa kitini.

Kwa mtu mzima nasema, kwa heshima zote: kama si mzigo wetu, ni wa nani? Mkemia wa Kentucky hajui Kiswahili. Mwenye karakana hajui, na tena ana haraka. Ndiyo, yeye ndiye mkosaji wa kwanza. Alimpa mtu sumu ambayo lebo yake mtu huyo hawezi kuisoma. Sheria za kwao zimshughulikie, nami sitamtetea. Lakini yeye hakuulizwa na mjomba. Mimi niliulizwa. Niliulizwa kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye "yule anayesoma Kiswahili chuo kikuu".

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa Uganda hatupendi kuliona. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana, tunaghani, tunahutubiana juu ya lugha ya ukombozi. Wakati huohuo watu wanaotegemea Kiswahili kweli, kwa maana kwamba hawana lugha nyingine ya kusoma maandishi ya hatari, ni akina mjomba. Wako Katwe, wako Nakivale, wako Kentucky. Kwao Kiswahili hakina sherehe. Ni lugha ya kuuliza kopo linasema nini.

Niliazimia kujifunza kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti alizonitumia mjomba alipopona. Maana alirudi kazini, na bafu lilelile lilikuwa likimngoja. Safari hii alikataa kopo. Akamwambia mwenye karakana, kwa Kiingereza alichokariri kwangu, kwamba atatoa rangi kwa njia ya Katwe.

Njia ya Katwe ni msasa wa maji. Hodhi halikuweza kutoka kupitia mlango wa trela, kwa hiyo alifanyia kazi humohumo. Aliosha kwanza kwa sabuni kali mara mbili, kwa sababu mafuta ya miili ya watu waliooga humo miaka hamsini yangeizuia rangi mpya isishike. Alikwangua silikoni ya zamani kwa kisu hadi mwisho. Anasema kipande kama ukucha kikibaki, rangi itajikunja hapo kama inaogopa. Kisha msasa uliolowa, kwanza mkali, halafu laini, halafu laini zaidi. Maji yanazuia vumbi lisipae. Siku tatu. Kuta za plastiki alizisugua kidogo tu, na akanieleza jambo ambalo lilinifanya nicheke kwa uchungu: ile dawa ya koponi ingeziyeyusha. Methilini kloridi hutumika hata kama gundi ya plastiki ya aina hiyo, maana hulainisha pande mbili zikashikana. Yaani kopo lile halikufaa bafu lile hata kidogo, si kwa mtu wala kwa ukuta.

Milango ya kabati dogo na vitu vingine vya plastiki vilivyofunguka aliviondoa, akavipaka ile krimu ya peroksaidi wanayotumia saluni kugeuza nywele, akavifunika kwa nailoni na kuvianika juani. Vikarudi karibu kuwa vyeupe, bila rangi. Anasema huenda baada ya miaka vikageuka njano tena. Mwenye trela ameambiwa.

Hodhi lilikuwa na ufa. Hapa mjomba huwa mkali anaposimulia, kwa sababu amiliki wa zamani waliujaza pati wakapaka rangi, ukafunguka, wakajaza tena. Ufa unatokana na hodhi kubonyea mtu anaposimama, na linabonyea kwa kuwa plaiwudi ya chini imeoza. Kwa hiyo alianzia chini. Alikata mbao zilizooza, akaweka nyingine, akaliegemeza hodhi hadi likaacha kucheza. Kisha akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, akabandika kitambaa cha faibaglasi na utomvu wake kwa upande wa chini, na juu akasawazisha. Baada ya hapo ndipo ilipofuata rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi yenyewe, akiipaka kwa rola ndogo. Aliweka feni yenye bomba pana, mdomo wa bomba ukiwa ndani ya hodhi, chini kabisa, ukinyonya na kutoa nje ya trela. Akipaka anatoka, anakaa nje, anarudi.

Sikiliza maneno aliyoyatumia katika sauti zile: kubonyea, kucheza, kukimbia kwa ufa, rangi kushika, rangi kujikunja, mvuke kukaa chini. Yote yalikuwepo. Nilikuwa nimesoma somo la tafsiri kwa muhula mzima na hakuna aliyewahi kunipeleka kusimama karibu na mtu anayeyasema. Matini tulizotafsiri zilikuwa hotuba za marais, vifungu vya katiba, na hadithi fupi. Nakiri ni matini nzuri. Lakini mtu akitafsiri vibaya hotuba ya rais, nani analazwa hospitali?

Ninachokidai kwa waalimu wetu ni kidogo, na hakihitaji fedha za wizara. Katika mtihani wa tafsiri, swali moja liwe lebo ya kopo. Mwanafunzi asiruhusiwe kulijibu mpaka aonyeshe kwamba amemtembelea fundi anayelitumia, amemwona anakaa vipi, anainama wapi, mlango uko upande gani. Kutoka madarasani kwetu hadi Katwe ni safari ya boda boda. Na alama zitolewe na fundi: asomewe tafsiri, kisha aulizwe atafanya nini. Akisema atafungua dirisha la juu, mwanafunzi ameshindwa, hata kama upatanisho wake wa kisarufi unang'aa.

Najua swali hilo lingeniangusha mimi wa kwanza. Nimeijaribu lebo ileile upya mara tatu, na kila mara nimempelekea mjomba aisahihishe. Mara ya kwanza alifuta "mvuke" akaandika "moshi usioonekana", tukabishana, nikashinda kwa sababu moshi hupanda. Mara ya pili alifuta "glavu zinazofaa" akauliza, zinazofaa kwa nani? Mara ya tatu hakufuta kitu. Aliichapisha, akaibandika juu ya rafu ya stoo, pale kopo lilipokuwa. Wakongo wenzake wawili walioajiriwa baada yake wameisoma.

Juzi amenitumia picha nyingine. Ni kikopo kidogo cha kigumishi, kile kinachochanganywa na rangi ya poliuretani kabla ya kupaka, kwa trela jingine. Nimeona neno "isosianati" katika orodha ya viambato na nimeshajua kwamba inaweza kumwachia mpaka rangi pumu ya maisha, hasa ikirushwa kwa bomba. Mjomba anauliza, banaandika nini? Bado sijamjibu. Nimemuuliza kwanza atapaka kwa rola au kwa bomba, na bafu la trela hilo lina mlango upande gani. Amenitumia video ya dakika sita, nami ninaitazama kwa mara ya pili.